Namna ya kuandika ushauri wa mamlaka ya faragha kuhusu muswada mpaka wizara ibadilishe kifungu

Kama upo kwenye ofisi ya mdhibiti wa faragha, iwe inaitwa tume, kamishna au mamlaka, kuna siku utaletewa muswada wa kurasa mia na kitu pamoja na barua inayosema maoni yenu yanahitajika haraka. Wengi wanachofanya hapo ni kuandika kurasa kumi zinazoanza na umuhimu wa faragha kama haki ya binadamu, zikaenda kwenye misingi yote ya ulinzi wa taarifa binafsi mmoja baada ya mwingine, zikamalizia na "tunapendekeza wizara izingatie sheria". Barua inapokelewa, inapigwa muhuri, inaingia kwenye faili, na muswada unapita vilevile ulivyokuja. Hii inaniuma sana, manake yaliyoandikwa mule mara nyingi ni ya kweli kabisa, ila yule mwanasheria anayeandika muswada kule wizarani hakupewa kitu cha kufanyia kazi.

Ushauri wenu hauna nguvu ya amri. Hamwezi kuzuia muswada. Kwa hiyo nguvu yote mliyonayo iko kwenye vitu viwili, mnasema lini na mnaandika maneno gani, na hivyo ndo nataka tuviongelee hapa. Kama uko kwenye asasi au ni mwandishi wa habari na unataka tu kupeleka maoni yako bungeni, mengi ya humu yatakufaa pia.

Anza na sheria inayokupa ruhusa ya kusema

Kabla hujagusa muswada, fungua sheria iliyounda ofisi yako utafute kifungu kinachosema unashauri serikali na bunge, alafu kitaje kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya barua. Wizara ikijua kwamba ilipaswa kukuuliza inakujibu tofauti na ikidhani umejiingiza tu. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya hili limeandikwa wazi kwenye GDPR, sheria yao kuu ya ulinzi wa taarifa binafsi, ibara ya 36 aya ya 4 inazitaka nchi ziongee na mamlaka ya faragha wakati zinaandaa sheria inayohusu uchakataji wa taarifa binafsi, na ibara ya 58 inaipa mamlaka uwezo wa kutoa maoni kwa bunge na serikali hata kama hakuna aliyeomba. Kamisheni ya Ulaya yenyewe, inayoandaa mapendekezo ya sheria za Umoja huo, ina kanuni yake, namba 2018/1725, ibara ya 42, inayoilazimisha imuulize Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Ulaya, mdhibiti wa faragha wa taasisi za Umoja wenyewe, pale pendekezo la sheria linapogusa haki za watu kwenye taarifa zao, na yeye ana mpaka wiki 8 za kujibu. Afrika nako, Mkataba wa Malabo wa 2014, ule wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ambao umeanza kufanya kazi Juni 2023, umeweka kwenye kazi za mamlaka ya kila nchi kutoa mapendekezo ya kuboresha sheria za uchakataji wa data.

Kwa hiyo kuna kuombwa maoni na kuna kujitokeza mwenyewe. Ofisi nyingi zinakaa zikisubiri kuombwa, na wizara yenye muswada mbaya ndo hiyo hiyo ambayo haitaomba. Kama sheria yako inaruhusu kusema bila kuombwa, tumia ruhusa hiyo mara kwa mara hata kwa miswada midogo, ili siku ukijitokeza kwenye muswada mkubwa wa usalama au vitambulisho isionekane kama ni vita umeanzisha.

Wahi, wahi kuliko unavyodhani

Muswada ukishafika bungeni waziri ameshausimamia mbele ya wenzake kwenye baraza la mawaziri, ameshaongea na vyombo vya habari, bajeti imeshapangwa na pengine hata mzabuni wa sistimu ameshajulikana. Kumwambia abadilishe kifungu cha 12 wakati huo ni kumwambia akubali hadharani kwamba alikosea, na sio wengi wanaoweza. Lakini ule muda ambao rasimu bado iko kwenye kompyuta ya mwanasheria wa wizara, kubadilisha kifungu ni kazi ya nusu saa na hakuna anayejua kama kilikuwa tofauti.

Sasa utajuaje kama kuna rasimu? Kuwa na mtu mmoja unayemfahamu kwenye kitengo cha sheria cha kila wizara inayopenda kukusanya taarifa, yaani afya, mambo ya ndani, fedha, mawasiliano, ustawi wa jamii na uchaguzi. Soma hotuba za bajeti, manake waziri akisema "tutaunganisha mifumo" au "tutaanzisha kanzidata ya taifa ya" kitu fulani, muswada uko njiani. Mwambie yule mtu wako akutumie rasimu mapema na umhakikishie kwamba maoni ya hatua hiyo yatabaki kati yenu, hayataenda kwenye magazeti. Msimamizi wa Ulaya anafanya hivyo hivyo, anatoa maoni yasiyo rasmi wakati pendekezo bado linaandaliwa, alafu likishatoka rasmi ndo anatoa maoni ya wazi. Hatua zote mbili zina kazi yake, ya kimya inarekebisha na ya wazi inabana, ukiacha mojawapo umejipunguzia nguvu.

Ukisoma muswada, anzia nyuma

Mbele kuna tafsiri ya maneno na madhumuni mazuri, hayo kila muswada unayo. Vitu vinavyoumiza vinakaa nyuma, kwenye majedwali, kwenye sehemu ya "marekebisho ya sheria nyingine" na kwenye kile kifungu kinachompa waziri uwezo wa kutunga kanuni. Anza huko.

Na usidharau ile miswada ya marekebisho mbalimbali inayobadilisha sheria kumi kwa mpigo, koma hapa neno pale. Kenya mwaka 2018 mfumo mzima wa taifa wa utambulisho, ambao watu waliujua kama Huduma Namba, uliingia kwa njia hiyo, kwa kuongezwa kwenye sheria ya usajili wa watu kupitia sheria ya marekebisho mbalimbali, na ndani yake kulikuwa na kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya GPS. Wakati huo hata sheria ya ulinzi wa data ilikuwa haijatungwa, ilikuja Novemba 2019. Mahakama Kuu Januari 2020 ikakataza DNA na GPS na ikasema mradi usiendelee mpaka kuwe na utaratibu kamili wa kisheria. Watu mamilioni walikuwa wameshasajiliwa.

Ukishapita nyuma, chukua kalamu ya rangi upitie vitenzi. Kukusanya, kutunza, kutoa, kushirikisha, kuunganisha, kuhakiki, kufikia, kuchapisha. Kila ukikutana na kimojawapo jiulize nani anafanya, taarifa gani, za nani, kwa kazi gani, kwa muda gani, na nani mwingine ataziona. Chora kwenye karatasi mishale ya taarifa zinatoka wapi zinaenda wapi, hii nasisitiza sana, manake muswada unaandika mambo vipande vipande kwenye vifungu vilivyo mbali mbali na ukisoma kwa mstari huoni kwamba kifungu cha 7 kikikutana na cha 41, polisi wanaingia kwenye rekodi za hospitali bila kibali cha mtu yeyote.

Alafu kuna maneno ya kuyawinda. "Taarifa nyingine yoyote." "Kadri itakavyoonekana inafaa." "Kwa madhumuni yanayohusiana na hayo." "Bila kujali masharti ya sheria nyingine yoyote." Hilo la mwisho likipita, sheria yenu ya faragha yote imewekwa pembeni kwa sentensi moja, na mara nyingi aliyeliandika hakukusudia ubaya, amelikopi tu kutoka muswada mwingine. Mpigie simu, muulize anataka kuondoa sharti gani hasa. Akilitaja, liandikwe hilo tu.

Maswali ya kuuliza kila kifungu

La kwanza ni tatizo lenyewe. Serikali inasema inataka kuzuia udanganyifu kwenye malipo ya wazee, sawa, udanganyifu huo uko kiasi gani na unatokea wapi? Kama unatokea kwa watumishi wanaoandika majina hewa, kuchukua alama za vidole za wazee wote hakutibu kitu. Omba ushahidi kwa barua, na kama haukuletwa andika kwenye maoni kwamba uliomba na haukuletwa.

La pili ni ulazima, yaani je kuna njia nyingine inayofikisha pale pale bila kugusa taarifa za watu wengi hivyo. La tatu ni uwiano, faida inayopatikana inalingana na kinachochukuliwa? Watu wanachanganya haya mawili kila siku. Jambo linaweza kuwa la lazima kwa lengo fulani na bado likazidi kiasi. Msimamizi wa Ulaya ametoa miongozo miwili tofauti, wa ulazima mwaka 2017 na wa uwiano mwaka 2019, na ukienda nayo kwa mpangilio huo, ulazima kwanza uwiano baadaye, hoja yako inakuwa ngumu kupanguliwa, manake kama kitu hakijapita kwenye ulazima huna haja hata ya kujadili uwiano.

Kama unataka mfano wa kufundishia wenzako ofisini, chukua sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 iliyozitaka kampuni za simu na intaneti zitunze rekodi za mawasiliano ya watu wote, nani kampigia nani, lini, akiwa wapi, kwa miezi 6 mpaka 24. Msimamizi wa Ulaya alitoa maoni yake Septemba 2005 akisema ulazima na uwiano wake haujaonyeshwa. Sheria ikapita Machi 2006. Tarehe 8 Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaifuta yote kwenye kesi ya Digital Rights Ireland. Na sababu za mahakama ukizisoma utaona ni orodha ya maswali ambayo mdhibiti yeyote angeweza kuuliza kwenye rasimu. Inagusa kila mtu hata asiye na uhusiano wowote na uhalifu. Haisemi ni uhalifu upi mzito kiasi cha kuruhusu rekodi zifunguliwe. Hakuna mahakama wala chombo huru kinachotoa kibali kwanza. Muda wa kutunza haujapangwa kulingana na aina ya taarifa. Usalama wa rekodi hautoshi, na hakuna sharti zikae ndani ya Umoja wa Ulaya. Chukua hayo matano uyabandike ukutani, kila muswada unaohusu polisi au mawasiliano upite hapo.

Sheria hiyo ilikaa miaka minane, na rekodi za watu wasio na hatia zikawa zinatunzwa. Kwa hiyo hata kama mnaona hamsikilizwi, andikeni, manake maoni yenu yanabaki kuwa ushahidi kwamba serikali iliambiwa mapema.

Maneno mbadala, hapa ndo penye kazi

Usiandike "kifungu hiki ni kipana mno" ukaishia hapo. Mwanasheria wa wizara atasoma, atakubali kwa kichwa, atakiacha kama kilivyo kwa sababu ana miswada mingine mitatu mezani. Mpe kifungu kilichokamilika anachoweza kukikopi na kukibandika.

Tuseme rasimu ya muswada wa ruzuku inasema hivi: "Mamlaka inaweza kukusanya taarifa yoyote kuhusu mwombaji itakayoona inafaa, na kuitoa kwa taasisi yoyote ya umma itakayoihitaji."

Wewe andika: "Mamlaka itakusanya jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya utambulisho ya mwombaji kwa ajili ya kuhakiki kama ana sifa za kupata ruzuku. Mamlaka haitatoa taarifa hizo kwa taasisi nyingine isipokuwa kwa amri ya mahakama, au pale ambapo sheria iliyotungwa na Bunge imeitaja taasisi hiyo na sababu ya kupewa. Taarifa za mwombaji aliyekataliwa zitafutwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi wa mwisho wa rufaa."

Ona kilichobadilika. "Inaweza" imekuwa "itakusanya" na taarifa zimetajwa moja moja, kazi imetajwa, mlango wa taasisi nyingine umefungwa na kuachwa upenyo unaojulikana, na kuna siku ya kufuta. Chini yake weka sentensi mbili tu za kueleza kwa nini, na hapo mtaje mtu. Mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, anwani yake mpya ikienda kwenye daftari ambalo maelfu ya watumishi wanalifungua, atafikiwa. Mgonjwa akijua kliniki inapeleka jina lake kwingine, ataacha kwenda. Mbunge anaelewa hilo haraka kuliko neno "misingi".

Panga pia uzito. Maoni yenye pointi arobaini zote zenye uzito sawa yanampa waziri nafasi ya kukubali thelathini na tano nyepesi, za tahajia na tafsiri ya maneno, alafu akasimama bungeni aseme mamlaka imesikilizwa kwa asilimia kubwa. Andika waziwazi kwenye ukurasa wa kwanza mambo mawili au matatu ambayo yasipobadilishwa mnapinga muswada usipite, alafu yale mengine yafuate kama marekebisho. Ukurasa wa kwanza ndo utakaosomwa na waziri, wenyeviti wa kamati na waandishi wa habari, mengine yatasomwa na mwanasheria.

Na omba kinachostahili hata kama unajua hutapewa chote. Juni 2021 Bodi ya Ulinzi wa Data ya Ulaya, inayokutanisha mamlaka za faragha za nchi zote za Umoja, na Msimamizi walitoa maoni ya pamoja kuhusu pendekezo la sheria ya akili unde (AI). Walitaka marufuku ya jumla ya mashine kutambua watu kwa sura na alama nyingine za mwili kwenye maeneo ya umma, walitaka watu wasipewe alama za tabia, yaani maksi kutokana na mwenendo wao, hata na kampuni binafsi wakati pendekezo lilikataza serikali tu, na walitaka mashine za kusoma hisia zipigwe marufuku isipokuwa mahali pachache. Sheria ilipotoka mwaka 2024 marufuku ya utambuzi wa sura ilibaki na mianya ya polisi, hapo hawakupata. Ila alama za tabia zimekatazwa kwa wote, na kusoma hisia kumekatazwa kazini na mashuleni, ukiacha sababu za tiba au usalama.

Majibu ya wizara utakayoyasikia

"Ndugu yangu, hilo tutaliweka kwenye kanuni." Hili ndo la hatari kuliko yote kwa sababu linasikika kama kukubali. Kanuni anazitunga waziri, anazibadilisha waziri, na sehemu nyingi hazijadiliwi kama muswada unavyojadiliwa. Jibu lako liwe kwamba utaratibu wa fomu na ada uende kwenye kanuni, lakini aina ya taarifa, lengo, nani anapewa na muda wa kutunza vikae kwenye sheria yenyewe. Akikataa kabisa, omba angalau kifungu kinachosema kanuni hizo hazitatungwa bila kushauriana na mamlaka yenu na hazitaanza kutumika kabla yake.

"Mwananchi ataridhia mwenyewe." Mtu anayehitaji leseni, matibabu au msaada wa serikali hana uhuru wa kukataa, na GDPR yenyewe kwenye utangulizi wake inaonya kuhusu kutegemea ridhaa pale anayeomba ni mamlaka ya umma. Mwambie sheria iweke wajibu na mipaka, isijifiche nyuma ya saini ya mtu mwenye shida.

"Hizo taarifa tayari tunazo." Zilikusanywa kwa kazi gani? Mtu alitoa namba yake kwa ajili ya chanjo, sio kwa ajili ya kodi.

"Tathmini ya athari tutafanya mfumo ukishaanza." Hapana, kupima mfumo utaumizaje faragha za watu kunafanyika kabla. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kutoa kadi za Huduma bila kufanya kwanza tathmini ya athari kwa ulinzi wa data kulikuwa kinyume cha sheria. Peleka nakala ya hukumu hiyo. Waziri anaogopa mradi kusimamishwa na mahakama katikati kuliko anavyoogopa barua yako, na hapo mpo upande mmoja.

Usalama wa taifa ni mgumu zaidi. Usibishane kama tishio lipo, hiyo sio kazi yako na utashindwa. Bishana kuhusu nani anatoa kibali, nani anakagua baadaye, na lini kifungu kinakufa chenyewe kisipohuishwa na bunge. Ukomo wa muda ni kitu ambacho hata wizara ngumu huwa inaweza kukubali.

Ukishatuma

Maoni rasmi yaweke wazi siku muswada unapofika bungeni, sio baada ya kupita. Omba kuitwa na kamati, nenda na ule ukurasa mmoja na vifungu mbadala vilivyochapwa kwa idadi ya wajumbe wote, ongea dakika chache, acha muda wa maswali. Na kwenye barua yako kuwe na sentensi inayosema kuombwa maoni sio kukubali, manake waziri atasimama aseme "mamlaka ya faragha imeshirikishwa kikamilifu" na ukikaa kimya umegongwa muhuri bila kujua. Akisema hivyo na mapendekezo makuu hayakuchukuliwa, toa taarifa siku ile ile, kwa heshima, ukitaja namba za vifungu.

Tunza jedwali lenye pendekezo, kilichoandikwa mwisho, na sababu ya wizara kama ilitolewa. Liweke kwenye ripoti ya mwaka. Muswada ukishasainiwa uliza mara moja kanuni zinaandikwa na nani na rasimu inatoka lini, kwa sababu yale yote mliyoahidiwa yanaenda huko, na yule mtu wako wa kitengo cha sheria ndo wa kumpigia kwanza.